Mashanza ya Himbi: ladha haina lawama, lebo inazo

Duka moja dogo la maziwa mtaani Himbi, hapa Goma, huuza mashanza, yaani maziwa yaliyochachushwa, yanayotengenezwa kwa maziwa ya eneo la Masisi, na kwa upande wa ladha sina neno: ni mazito, ukali wake ni wa kadiri, na ukifungua chupa unakuta utando wa mafuta umetanda juu.

Kinachonikera ni lebo, inayodai kwamba mashanza haya "yanaongeza kinga ya mwili", kana kwamba kinga ni tangi la kujazwa. Kinga ikipita kiasi huleta mzio, au mwili hujishambulia wenyewe. Bakteria wa utumbo huifundisha kinga ipambane na nani na imwache nani: huchachusha nyuzinyuzi za maharage na mboga, kisha hutoa asidi kama butireti, ambayo hulisha seli za ukuta wa utumbo mpana na kusaidia seli za T, yaani chembe nyeupe za damu, zile zinazotuliza uvimbe unaoletwa na kinga yenyewe. Panya waliokuzwa maabarani bila bakteria wowote huwa na tishu za kinga zisizokomaa utumboni. Kwa hiyo sahani ya maharage nayo ingestahili lebo.

Hata hivyo, dai hilo lina chembe ya ukweli. Ilya Mechnikov, mwanasayansi wa kinga aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1908, aliyasifu sana maziwa yaliyochachuka. Na katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa mwaka 2021, uliohusisha watu wazima 36, wale waliokula vyakula vilivyochachushwa kwa wiki 10 walipata aina nyingi zaidi za bakteria, huku protini 19 zinazohusiana na uvimbe zikipungua katika damu yao. Lakini wao walikula mara kadhaa kila siku, si chupa moja ya Jumapili.

Nilimwuliza muuzaji maziwa huchemshwa lini. "Tunachemsha kwanza, papa, yakipoa ndipo tunatia chachu." Ndivyo inavyotakiwa, maana moto huua vimelea vya brusela, ugonjwa wa mifugo unaompata hata mtu, na vya kifua kikuu cha ng'ombe, na bakteria wa chachu, wanaotiwa baadaye, hubaki hai.

Yale ya stroberi yana sukari nyingi mno, siyapendekezi. Mwenye kinga dhaifu kutokana na ugonjwa au dawa amwone daktari kabla ya kuyanywa. Wengine wanunue asubuhi, kwa sababu umeme ukikatika mchana friji hupata joto, na chupa hazina tarehe ya kutengenezwa.