Nilimuita kijana anisafishie magugu bwawani, kumbe samaki wangu walikuwa na shida nyingine kabisa

Niko Morogoro, Kihonda, nina bwawa nyuma ya nyumba, mita 10 kwa 15. Mzee wangu alilichimbisha na vijana wa mtaani na hakuna aliyetuambia chochote kuhusu kina, kwa hiyo pembeni maji yalikuwa yanaishia kwenye goti na katikati kiunoni basi. Naandika hii sababu watu kama watatu wameniuliza yule kijana aliyenifanyia kazi alifanyaje na kama hela niliyompa ni halali yake. Jina simtaji, sijamuomba ruhusa, na pia kuna mahali nitamsema.

Nilikuwa nimepandikiza vifaranga 450 vya sato, niliuziwa kwa maneno kwamba ni dume tupu. Miezi nane inaisha samaki hata kiganja hawajazi, ukimkaanga unakula miba na mkia. Na huku juu magugu maji yamefunika karibu nusu ya bwawa, pembeni matete yamesimama mpaka bata wa jirani wakawa wanatagia humo. Magugu maji nilileta mwenyewe jamani, miche mitatu kwenye ndoo, nilipenda yale maua ya zambarau. Watu wa Ziwa Victoria, ambao magugu hayahaya yamewasumbua miaka, watanicheka na wana haki.

Kabla sijamuita huyu kijana nilijaribu mwenyewe, nikamwambia dogo anayenisaidia akatekate kwa panga, akakata kweli, ila akayaacha humohumo majini. Siku ya tatu naamka saa kumi na mbili alfajiri nakuta samaki wote wako juu wanapumulia midomo, wameachama kama wanaomba kitu. Tukachota maji na ndoo tunayamwaga kwa kishindo kama vichaa mpaka jua likatoka. Baadaye ndo nikaelewa, majani yakioza yanamaliza hewa ya majini, na alfajiri ndo hewa inakuwa chini kuliko saa zote. Halafu kuna mtu wa duka la pembejeo alikuwa ananishauri nipulizie dawa ya kuua magugu yote kwa mpigo! Ningeamkia msiba.

Sasa huduma yenyewe. Tuliongea aje Jumamosi, akaja Jumatatu saa tano, simu hapokei. Hilo nimeliweka pembeni lakini sijalisahau. Alivyofika, shikamoo mama, marahaba, nikamuonyesha magugu, yeye wala hakuyaangalia sana. Akakunja shati akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, anaangalia kiganja chake kule chini. Akasema, "Mama, maji yako ni masafi mno." Nikafurahi nikidhani nimesifiwa. Kumbe ananisema. Maji ya sato yanatakiwa yawe na ukijani, ukifikisha kiwiko kiganja kipotee au kionekane kwa shida, ule ukijani ndo chakula chao cha bure. Mbolea yote niliyokuwa namwaga ilikuwa inaliwa na magugu, na kivuli chake kinazuia jua lisiingie. Yaani nilikuwa nalisha maua.

Halafu akavuta wavu mara moja tu, kona moja. Hapo ndo nilikaa chini. Samaki walikuja kama dagaa, wadogowadogo hawana hesabu, na katikati yao wale wa kwangu wa miezi nane. Akamshika mmoja wa gramu kama 60 hivi, akamfungua mdomo kwa kidole gumba, mayai ya manjano yakamwagika kwenye kiganja chake kama punje za mtama. Jike huyo, anaatamia mdomoni. Akamchukua mwingine akamgeuza tumbo, akampaka tone la wino wa bluu, akaniambia nihesabu matundu mwenyewe, dume anayo mawili, jike matatu. Nilihesabu kwa miwani. Katika kumi wa mwanzo majike walikuwa sita. Dume tupu gani hao! Aliyeniuzia nilimpigia siku hiyohiyo, akasema labda maji yangu yamewabadilisha. Nikakata simu.

Kwa hiyo shida yangu ilikuwa wingi wa samaki. Sato anaanza kuzaa akiwa na miezi michache tu, bado mdogo, na jike akishaanza kuzaa nguvu zake zinaishia huko hanenepi, na watoto wake wanagombania chakula na wakubwa. Kwenye bwawa la wazi angalau ndege wangewapunguza, kwangu walikuwa wanajificha kwenye mizizi ya magugu na kwenye yale maji ya pembeni ya magotini, wanakua humo raha mustarehe. Ningesafisha magugu tu na kumlipa, baada ya miezi sita ningekuwa palepale.

Kazi ilichukua siku mbili, yeye na wenzake watatu, bei laki mbili na nusu na pampu ya kukodi humohumo. Magugu yaling'olewa na reki, sio kukatwa, na yote yakatolewa nje. Matete walichimba na mizizi yake. Halafu wakapunguza maji, wakakwangua tope la chini (nimelitupia kwenye migomba, nenda kaione sasa hivi), na wakachonga kingo kwa chepe ziwe wima kidogo, pembeni kusipungue sentimita 80 na katikati ivuke mita. Maji yakiwa marefu mwanga haufiki chini vizuri na majani hayapati pa kushika. Chokaa ya shamba kilo 20, tukasubiri, tukajaza tena. Waliingia na magambuti marefu, wakaniambia watoto wasichezee yale maji hata kidogo maana konokono walikuwa wamejaa kwenye mizizi, na kichocho ndo kinapatikana hivyo.

Samaki tulichambua mmojammoja, kazi ya kuchosha kuliko zote. Majike yaliuzwa na kuliwa mtaa mzima, wale vidagaa zilitoka ndoo tano za lita 20, mfugaji wa kambale wa huku akazibeba bure akashukuru sana. Tukabaki na madume 260, chini ya wawili kwa mita ya mraba.

Malalamiko yangu sasa. Yale madume yalihifadhiwa siku kumi kwenye vyandarua ndani ya bwawa la jirani, vyandarua viwili tu, wamebanana, wakafa 34. Hilo lilikuwa kosa lake na alikubali, ila hakunirudishia kitu. La pili chokaa aliniuzia yeye, nikaja kukuta dukani ni karibu nusu ya bei ile, kwa hiyo ukimuita nunua mwenyewe. La tatu rundo la magugu aliliacha kwenye mpaka na jirani, likaoza, likanuka wiki mbili, mimi ndo niliyetukanwa. Angesema mapema yakaushwe tungelitengeneza mboji.

Lakini alirudi, na hapo ndo nampa heshima. Alikuja mara mbili bila kudai hela, mara ya kwanza kupima ule ukijani kwa kiwiko na kunifungia gunia la mbolea ya kuku pembeni, linaelea nusu, ukijani ukizidi unalitoa. Mara ya pili akaleta kambale 25 wadogo wa kidole, nikawalipia. Akasisitiza wawe wadogo kuliko sato, la sivyo wataanza kuwala hata hao sato wakubwa. Kazi yao ni kumeza vifaranga, maana kuna jike mmoja wawili lazima walitupita kwenye ule uchambuzi, miwani yangu haiaminiki kiasi hicho. Chakula natoa saa nne na saa kumi, sehemu ileile, pumba ya mahindi na mashudu ya alizeti na dagaa wa kusaga, na wakiacha kukimbilia naacha kumwaga.

Miezi mitano imepita. Jumapili nilivua, samaki wanne wakafika kilo moja na kuzidi kidogo. Zamani kilo moja nilikuwa nahesabu kumi na tano. Laki mbili na nusu ni hela nyingi kwa bwawa la nyumbani, sitadanganya, lakini nikipiga hesabu ya pumba niliyolisha miezi nane bila kitu naona amenipunguzia hasara. Nampa nyota nne, ila kama una haraka mpigie wiki moja kabla maana saa yake anaijua mwenyewe.

Magugu maji bado yanarudi, kila asubuhi nazunguka na ndoo nang'oa mche mmoja mmoja kabla haujazaa. Juzi mke wa jirani, yuleyule wa lile rundo, kaona nimeshika mmoja wenye ua akaniomba akapande kwenye kidimbwi chake cha bata. Nimemnyima.