Shairi la kuagiza Ngamiani: nimelipima silabi kwa silabi

Mwezi uliopita mimi na mume wangu tulitimiza miaka 20 ya ndoa. Sikutaka keki. Nilikwenda Ngamiani, hapa Tanga, kwa mzee mmoja anayetunga mashairi kwa kuagizwa, nikaagiza beti tano za mapenzi. Shilingi 40,000, siku nne.

Nafundisha Kiswahili, kwa hiyo aliponipa karatasi nilianza kuhesabu kwa vidole palepale barazani. Ni tarbia, mishororo minne kila ubeti, mizani (silabi) 16: nane ukwapi, yaani nusu ya kwanza, nane utao, nusu ya pili. Mshororo wa kwanza umekaa sawa: "Umeniweka moyoni, miaka imetimia." Wa pili ukanikwaza: "Kama jahazi bandarini, nanga imeshatulia." Nikahesabu ukwapi mara mbili. Tisa.

"Mzee wangu, hapa pamezidi."

Hakukasirika. Aliusoma kwa mahadhi, akasikia mwenyewe ulimi ulipojikwaa. "Kweli, mwanangu," akasema, akakata na kuandika upya: "Ni jahazi bandarini."

Kwa marekebisho hayo tu ningemlipa tena. "Kama" ilipoondoka, tashbihi ikawa sitiari. Mwanzo nilikuwa mtu anayefananishwa na jahazi. Sasa mimi ndimi jahazi, nimefika, sina safari nyingine. Hata mshororo wa tatu, "Kusi lije baharini, mimi kwako nasalia," ambao niliuona kiapo kama viapo vingine, ukapata nguvu, maana chombo kimekwisha kutia nanga na upepo wacha uvume. Shairi zima likawa na utulivu wa watu waliokwisha kuzoeana, na ndivyo tulivyo.

Lawama yangu ni vina, zile silabi zinazofanana katikati na mwishoni mwa mishororo. Ni mtiririko, -ni kati na -a mwishoni, beti zote tano. Kina cha -ni hakimtoi mtunzi jasho: moyoni, bandarini, baharini, chumbani, kila mahali panakikubali. Kufika ubeti wa nne sikio langu lilikuwa limechoka, nikajua neno kabla halijatamkwa. Angebadili vina vya kati akaacha cha mwisho, yaani ukara, mapenzi yangebaki na jambo la kushtukiza.

Mwandiko mzuri, karatasi nyepesi mno. Fremu nilinunua mwenyewe.

Usiku ule nilimsomea mume wangu. Yeye ni fundi baiskeli, mizani hajui, lakini aliniomba nirudie mshororo wa pili, kisha akaomba tena. Desemba naozesha mdogo wangu. Nitarudi kwa mzee yule, na safari hii nitamwomba ukara tangu mwanzo.