Bi mkubwa kaenda kufungua akaunti ya korosho, wakataka kumfungulia ya bosi

Benki siitaji jina, ila ni tawi la hapa Mtwara mjini, kubwa tu, kiyoyozi kinapiga mpaka unajuta hujaja na koti. Nawapa nyota mbili kati ya tano na hizo mbili mtaona zimetokea wapi.

Iko hivi. Bi mkubwa wangu, yaani mama, anakaa kijijini huko Tandahimba, ana mikorosho yake si mingi, msimu ukikaa vizuri anapeleka magunia yake AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, zinaingia ghalani, mnada ukipita hela inakuja benki. Akaunti alikuwa nayo, aliifungua 2018 ule msimu serikali iliponunua yenyewe kwa 3,300 kilo na jeshi likaja kubeba, baadae haikuguswa ikalala. Tangu hapo hela yake ilikuwa inapitia kwa akaunti ya kaka yangu mkubwa, na ugomvi wa familia yetu kila mwaka unaanzia hapo hapo, sitaki kuingia huko. Sasa mwezi wa tisa karani wa AMCOS akamwambia mama lete namba yako mwenyewe kabla minada haijaanza, na yeye alikuwa anashuka mjini kuangaliwa macho hospitali ya Ligula, nikamwambia njoo tumalize yote kwa safari moja, lile vumbi la njiani si la kulila mara mbili.

Anachotaka mama ni akaunti ndogo tu, ya kawaida kabisa. Hela yake inaingia mara mbili tatu, mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili, anaitoa karibu yote, deni la salfa, ile dawa ya mikorosho, ada za wajukuu, bati kama zinatosha, alafu akaunti inakaa kimya mpaka msimu mwingine. Ukimpa yenye makato ya kila mwezi umemmaliza. Na hiyo ndogo ipo, wala sijaiota, mlangoni kwao wamebandika bango kubwa mkulima anacheka meno yote nje, imeandikwa haina makato ya mwezi.

Tumekaa foleni saa nzima na zaidi. Tukaitwa kwa dada mmoja, mpole, kamwamkia mama shikamoo vizuri, kamvutia kiti, kwenye adabu sina neno nae. Mama akasema mie nataka ya korosho. Dada akajibu "mama yangu, ile haitakufaa" na hapo hapo akaanza kujaza fomu nyingine. Yaani hajauliza unalima heka ngapi, unatoa hela mara ngapi, una simu gani, kashajua tayari haitamfaa.

Nikauliza kwanini haimfai. Akasema haina kadi. Nikamwambia mama hataki kadi, ATM kijijini kwao ya nini, yeye anatoa kwa wakala. Akasema sawa lakini hela za korosho haziingii kwenye ile. Nikamuonesha bango, mkulima yule pale anacheka. Akageuka akaliangalia kama ndo analiona leo, akasema ile ni kampeni ya zamani. Dakika mbili mbele ikawa mfumo wa ile akaunti hauko hewani kwa leo. Sasa mimi ni fundi simu, kila siku nasikia watu wananipa sababu kwanini simu imeingia maji, najua sababu ikibadilika mara tatu hiyo sio sababu.

Aliyokuwa anampa ilikuwa na jina zuri, yenye dhahabu dhahabu humo ndani. Kadi, apu, meseji za miamala, bima ya mkono wa pole, na "unaweza kupata mkopo mama". Mama ana kiswaswadu, betri inashikiliwa na mpira wa kufungia hela. Apu anaiweka wapi?

Nikaomba karatasi ya makato. Hiyo ni haki yako, kanuni za Benki Kuu za 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinataka uoneshwe gharama kabla hujajifunga, sio uje kushangaa kwenye meseji. Dada akasema ipo kwenye tovuti. Nikamwambia sawa tufungulie hapo kwenye kompyuta yako tuione wote, akacheka kidogo, akaenda ndani, akarudi na karatasi moja imekunjwa mara nne. Basi nikakaa nayo na kalamu. Uendeshaji 3,500 kwa mwezi, mwaka 42,000. Bima 1,000 kwa mwezi, 12,000. Kadi 10,000 kwa mwaka. Tayari 64,000 na hujatoa hata mia, kutoa kuna makato yake pembeni, na chini kwa maandishi ya sisimizi wanasema VAT haijajumlishwa, na VAT ni asilimia 18.

Mama hasomi karatasi hizo lakini korosho anazijua kuliko yule dada. Nikamwambia mama, tuseme mnada umeenda elfu tatu kilo, hawa wanachukua kilo ishirini na moja zako kila mwaka, mvua inyeshe isinyeshe. Akanyamaza, akahesabu. "Robo gunia?" Nikasema na kidogo juu. Akamgeukia dada wa watu, "Mwanangu, robo gunia ya kulinda nini, si bora nikauze kangomba nijue moja." Jirani zetu kwenye viti wakacheka. Msiojua, kangomba ni wale wanaopita vijijini kununua korosho kimya kimya kwa bei ya kuonea kabla msimu haujafunguliwa, kwahiyo mjue mama alikuwa amefikia wapi.

Kilichoniudhi zaidi sio bei. Kidole cha mama kilikuwa kishasogezwa kwenye kile kimashine cha alama za vidole, dada kakishika kwa upole kabisa, skrini imegeukia upande wake. Angekuja peke yake ingekuwa imeisha. Na kule kijijini wengi ndo wanakuja peke yao, wana namba ya nida na karatasi ya karani, wanaambiwa weka kidole hapa mama, wanaweka, alafu mwezi wa kumi na mbili wanabishana na karani wa AMCOS kwamba kawaibia, kumbe makato.

Namuelewa yule dada pia, nasema ukweli. Wale wana targeti, sidhani akaunti ya mama yangu inamuongezea kitu kwa meneja wake, na bora hata angesema hivyo, mama naomba unichukulie hii, tungeelewana au tusielewane. Hakukataa popote kuifungua ile ndogo. Hilo neno "hapana" halikutoka. Ni kuzungushwa tu mpaka uone aibu kuendelea kuuliza, foleni nyuma yako inakohoa.

Tukaaga. Sasa mlangoni mlinzi, mzee wa makamo, alikuwa anasikia yote, akaniita kama anataka kuuliza bajaji akaniambia kwa sauti ya chini, "Kijana, mpeleke mama kwa wakala pale karibu na soko, wa benki hii hii, anazo." Kweli. Wakala ana meza, mwamvuli, na anauza vocha na maji. Namba ya nida, zile tarakimu ishirini, kidole, namba ya simu, elfu moja ya kuanzia, imeisha, dakika kumi hata hazikufika na nusu yake alikuwa anamtafutia mteja mwingine chenji. Ile ile ya mkulima anacheka. Na mfumo ulikuwa hewani vizuri tu! Huyo wakala ndo pekee siku ile aliyetuambia ubaya wake bila kuulizwa: ina ukomo wa salio, ukizidisha itabidi uende tawini na vitambulisho, na mkopo kwa hiyo usahau. Mama akasema mkopo nishausahau zamani.

Hela ya mnada wa kwanza imeingia, ya pili imeingia, meseji zimekuja kwenye kiswaswadu, mwezi umepita hakuna kilichokatwa zaidi ya kutolea. Kaka mkubwa amenuna, hiyo ni habari nyingine.

Kwahiyo ukienda tawi hilo kufungua akaunti ndogo, taja jina lake kama lilivyoandikwa kwenye bango, mwambie azungushe skrini muione wote, na kidole weka mfukoni mpaka uione karatasi ya makato. Au usipande ngazi kabisa, nenda kwa wakala. Nyota moja ni ya kiyoyozi, nyingine ya mlinzi.

Na mama wiki iliyopita kaleta kilo mbili za kubangua, nyeupe safi, kaniambia moja yangu moja mpelekee yule mzee wa mlangoni. Nikaenda Jumanne. Mzee hakuwa zamu, nikachungulia ndani kuulizia, yule dada akaniona, akanikumbuka kabisa, akanipungia mkono na tabasamu lote.

"Kaka, karibu! Mama keshaamua?"