Uzoefu wangu na Stihl 070 ya zamani: chenso ya magogo, si ya matawi

Kama unatafuta chenso, yaani msumeno wa mnyororo unaoendeshwa na injini, ya kupunguzia matawi ya mwarobaini uani, hii siyo. Stihl 070 ni mashine ya kupasulia magogo, na ukiilazimisha kazi nyingine utaichukia kabla jua halijafika utosini. Mimi napasulia mbao huku Mwanza kando ya Ziwa Victoria, Igombe na Kayenze, na mara nyingine ng'ambo kule Sengerema. Wateja wangu wakubwa ni mafundi mitumbwi. Nimeitumia miaka ya kutosha, nimeifungua na kuifunga hadi parafujo zake nazijua kwa kuzipapasa, kwa hiyo haya ni ya mtu anayekula kwa mashine hii.

Yangu ni mzee kweli. Kibao chake kinasema imetengenezwa Ujerumani Magharibi, maana yake iliundwa kabla Wajerumani hawajaungana 1990. Ukoo wenyewe unaanzia mbali zaidi: mwaka 1959 Stihl walitoa chenso iliyoitwa Contra, ya nguvu farasi sita, ambayo injini ilizungusha mnyororo moja kwa moja bila gia katikati, na 070 imetokana na ukoo huo. Silinda ina kipenyo cha milimita 58, pistoni inapanda na kushuka milimita 40, jumla karibu cc 106. Hiyo ni injini ya ukubwa wa pikipiki ndogo ya bodaboda, ila huku hakuna tairi wala kiti, mzigo wote uko mikononi mwako. Kaka yake, 090, ana silinda ya milimita 66 na cc 137. Niliwahi kuishika ya mtu mmoja Geita, nikamrudishia mwenyewe na shukrani.

Watu husikia 070 ina nguvu farasi sita na nusu wakadhani mashine inakimbia. Haikimbii. Chenso ndogo za siku hizi zinazunguka kwa kasi kubwa zaidi na zinalia kwa sauti nyembamba. 070 inanguruma nzito na taratibu, lakini ukiizamisha baa nzima, ule upanga unaobeba mnyororo, ndani ya gogo la mvule, haikati tamaa. Ndogo hapo itapunguza pumzi, klachi itaanza kuteleza na kutoa harufu ya kuungua, nawe utabaki kuichomoa na kuirudisha. Hii unaiacha ijivute yenyewe kwa uzito wake, wewe unaiongoza tu. Anayeikandamiza ni mgeni.

Kupasua ndiko inakostahili sifa. Tunalaza gogo juu ya magogo mengine mawili, tunapiga mstari kwa uzi uliolowekwa kwenye unga mweusi wa betri za tochi uliochanganywa na mafuta kidogo, kisha nafuata ule mstari kutoka kichwa hadi mkia. Mnyororo wa kukatia mti kwa kukingama unanolewa kwa pembe ya nyuzi 30 hivi. Ukiupeleka kwenye kupasua kwa kufuata urefu wa mti, unarukaruka na kuacha mbao yenye mawimbi. Mimi naunoa kwa nyuzi 10. Unakwenda polepole zaidi, lakini uso wa mbao unatoka laini kiasi kwamba fundi hapigi randa sana. Mzee mmoja wa Kayenze aliupitisha mkono kwenye mbao ya mkuku, ule uti wa chini wa mtumbwi, akasema kwa shukrani ya Kisukuma, "Wabeja, mwanangu, hii hata kiwandani hawanipi." Na ni kweli hawampi, kwa sababu mkuku anaotaka ni mrefu kuliko meza za viwanda vingi vidogo vya mbao vya hapa mjini, na gogo lenyewe limelala mahali ambapo Fuso haifiki.

Hasara yake nayo iko palepale. Mnyororo wa mashine hii ni mnene, ule wa namba 404, na kila unapopita unakula karibu sentimita nzima ya gogo. Ukipasua mbao za inchi moja, piga hesabu: zaidi ya robo ya mti wako inaondoka kama vumbi. Msumeno wa mkanda wa kiwandani unakula milimita mbili au tatu tu. Kwa hiyo mbao nyembamba sipasui. Mteja akitaka za dari namwambia atafute gari alipeleke gogo kwenye viwanda vya Nyakato, atapata mbao nyingi zaidi hata baada ya kulipa nauli. Chenso hii ipe kazi ya mbao nene: mkuku, mataruma (mbavu za mtumbwi), mihimili, vipande vya inchi mbili na kuendelea.

Mvule una jambo lake. Ndani ya mti huo hujificha mawe, mawe hasa, chokaa iliyojijenga ndani ya mti wenyewe, na huyaoni mpaka mnyororo uyagonge. Cheche zinatoka, meno yote yanakuwa butu kwa mpigo mmoja. Vumbi lake linawasha ngozi na kubana kifua, funga kitambaa au vaa barakoa. Miembe ya zamani ya mjini ni balaa la namna nyingine, imejaa misumari ya mabango na nyaya za kuanikia nguo zilizomezwa na gome. Na miti iliyoota katikati ya miamba yetu ya Bwiru ina mchanga na vipande vya mawe kwenye kila ufa, piga gome panga kwanza uusafishe. Tupa ya milimita 5.5 haitoki mfukoni mwangu. Nanoa kila ninapojaza mafuta, viboko viwili vitatu kwa kila jino, sisubiri liwe butu. Na kile kijino kifupi kinachotangulia jino la kukata nakishusha pia kadiri jino linavyopungua, kibaki chini yake kwa milimita 0.8 hivi. Wengi wanakisahau, halafu wanasema mashine imeisha nguvu.

Sasa mafuta, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu kanda yetu ya ziwa ina mtego wake. Injini ni ya mipigo miwili, inakunywa petroli iliyochanganywa na oili. Ukienda mwaloni wowote wanakoshushia samaki, kuanzia Kirumba hadi visiwani, utapata oili ya 2T kwa wingi na hata petroli iliyokwisha kuchanganywa, kwa sababu injini nyingi za mitumbwi nazo ni za mipigo miwili. Ni rahisi kuchota hapo hapo ukaendelea na kazi. Usifanye hivyo. Soma kopo: oili ya injini za boti imeandikwa TC-W3, na imetengenezwa kwa ajili ya injini inayopozwa na maji. Injini ya boti inaoga maji ya ziwa muda wote inapofanya kazi. Chenso inapozwa na upepo wa flaiwili peke yake, lile gurudumu lenye mapanga ya feni, tena katikati ya vumbi, kwa hiyo silinda yake inachemka zaidi na ile oili haiwezi kuilinda ipasavyo. Tafuta kopo lenye alama ya JASO FC au FD, ile wanayotumia wenye pikipiki za mipigo miwili, au oili ya chenso yenyewe. Na ile petroli ya kwenye vidumu vya mwaloni hujui amechanganya nani wala kwa kipimo gani.

Kipimo changu ni moja kwa ishirini na tano, yaani mililita 40 za oili kwa kila lita ya petroli. Ukiwa na oili nzuri ya chenso unaweza kushuka hadi moja kwa hamsini, mililita 20. Mimi mashine yangu ni mzee na oili ninayopata si ileile kila wiki, moshi kidogo haunisumbui. Ulaji wake usikudanganye: ikibanwa kazi mfululizo inaweza kumaliza lita mbili hadi tatu kwa saa. Ukipanga bei ya kazi, anza na hapo. Ya kulainishia mnyororo ni oili safi namba 40. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye magari inavutia kwa kuwa ni ya bure, lakini ina unga wa chuma ndani yake, unasaga baa na pampu, na inakurukia usoni na mikononi siku nzima.

Jambo lingine ambalo wauzaji wa Dar hawalisemi ni hewa. Ziwa letu liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Chenso iliyosetiwa Dar es Salaam ikifika Mwanza inapata hewa nyepesi zaidi, petroli inazidi, inatoa moshi mweusi, inachafua plagi na kukoroma. Haijafa. Kaza kidogo ile nati ya kabureta yenye herufi H, robo ya mzunguko au pungufu, huku ukisikiliza. Ikiwa haina mzigo na iko mwendo wa juu inatakiwa iwe na mkoromo mdogo, na ikiingia kwenye gogo mkoromo upotee. Ukiikaza mpaka ikalia kwa sauti safi na tamu kabla haijagusa mti, unaiunguza.

Ufundi wake ndio ulionifanya nisiiuze. Yangu bado ina platini na kondensa za kutengeneza cheche ya plagi, zimekaa nyuma ya flaiwili, na fundi yeyote wa pikipiki aliyezoea mashine za zamani anaelewa anachokiona. Platini ikishika uchafu naisugua kwa msasa laini, cheche inarudi. Diaframu ya kabureta inakakamaa kwa petroli mbaya, naibadilisha mwenyewe kwenye benchi. Pistoni, ringi, sili na kamba vinapatikana kirahisi kwa sababu kuna mashine nyingi za kuiga zenye umbo hilihili, na vipuri vyake vingi vinaingia. Ubora wake unatofautiana sana. Niliwahi kufungiwa ringi mpya kutoka duka moja la mjini, zikalegea mapema mno, na mwenye duka akaniambia ndivyo zilivyo siku hizi. Sasa ringi na beringi naagiza za asili hata kama zinachelewa, lakini kamba, klipu na filta nanunua zozote.

Kuhusu mashine za kuiga zenyewe: jirani yangu anayo moja mpya na anafanyia kazi. Bei yake inavutia. Ila mbili za aina moja hazifanani, moja inadumu, nyingine inavuja kwenye maungio tangu siku ya kwanza. Kati ya mpya ya kuiga na ya asili iliyochoka kiasi, nachukua iliyochoka.

Sasa ubaya, nao si mdogo. Injini peke yake, bila baa wala mnyororo, ina zaidi ya kilo kumi. Ongeza baa ndefu na mafuta, halafu inama siku nzima. Yangu haina breki ya mnyororo. Ncha ya baa ikigusa kitu kwa juu, mashine inaruka kumfuata aliyeishika, na hakuna kitakachouzuia ule mnyororo isipokuwa wewe kuachia moto na Mungu kukuangalia. Kwa sababu hiyo siangushii mti kwa 070, nina nyingine ndogo yenye breki. Pia haina mipira ya kumeza mtetemo kwenye mishikio, na mtetemo wa namna hiyo ukiuvumilia miaka mingi unaharibu mishipa ya vidole, vinakufa ganzi na kugeuka vyeupe asubuhi za baridi. Mimi nafanya kazi tangi moja, napumzika, kijana wangu anachukua zamu. Masikio tunaziba wote wawili, hata yule anayemimina mafuta. Wapasuaji wazee ninaowajua unazungumza nao kwa kupaza sauti.

Vibali sitavirefusha. Hata mti ukiwa shambani kwako, mvule hasa, pita kwa afisa misitu kabla ya kuwasha mashine, na mbao zisipande gari bila hati ya usafirishaji. Tangu Daraja la JP Magufuli lifunguliwe Juni 2025 kati ya Kigongo na Busisi, mbao za Sengerema zinafika mjini bila kungoja kivuko, lakini karatasi zinazotakiwa ni zilezile.

Kama bado unaitaka, nakupa njia ya kuikagua. Ikute ya baridi. Muuzaji akiwa ameiwasha kabla hujafika, mwambie utarudi jioni. Vuta kamba polepole usikie kama mgandamizo unakataa, kisha ninginiza mashine nzima kwa kamba yake: ikishuka haraka bila ubishi, ringi zimekwisha. Tikisa flaiwili kwa mkono, isichezecheze kwenda juu na chini. Mwisho fungua ekzosi, ni nati chache tu, umulike pistoni kwa tochi ya simu kupitia ule mlango. Ikiwa inang'aa na mistari yake ya kiwandani bado inaonekana, toa hela. Ukiona mikwaruzo ya wima upande wa ekzosi, iliwahi kukimbizwa bila oili ya kutosha. Hiyo iache, hata kama anayeuza ni shemeji yako.