Hita iliyowapika furu wangu, na yule bwana wa "samaki ni samaki"

Nilitaka kuwa muungwana. Nilishajipanga kuandika kwamba hita ya kupasha maji ya tangi la samaki ni kifaa, vifaa huharibika, tusonge mbele. Lakini kila nikianza, sauti kwenye simu ya yule bwana aliyeniuzia inanirudia masikioni: "Dada, samaki ni samaki." Basi ngoja niseme yote, na mtanisamehe nikipandisha mori njiani.

Ninafuga furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, wa jamii ya sikilidi. Wangu ni Pundamilia nyererei, samaki aliyeelezwa kitaalamu mwaka 1985 na kupewa jina la Mwalimu Nyerere. Dume aliyekwisha kushika eneo lake hana mpinzani kwa uzuri: mgongo mwekundu, ubavu wa njano, mistari myeusi imeshuka wima, kifua cheusi. Jike naye yuko rangi ya mchanga tu. Na hapo ndipo penye shughuli, kwa sababu majike wa furu wa aina mbalimbali wanafanana kiasi kwamba hata mfugaji mzoefu hukwama akiwakuta wamechanganywa. Unayemtambua ni dume. Jike unamtambua kwa kujua alikotoka. Lishikeni hilo, nitalirudia nikifika kwa yule bwana.

Tangi langu ni la lita 200. Nilipokwenda kununua hita niliomba mbili za wati 100, na nilikuwa na sababu zangu. Muuzaji akacheka. Akasema hita mbili ni kujaza vitu kwenye tangi bure, chukua hii moja ya wati 300, "ina nguvu, inajizima yenyewe, utalala usingizi." Na kwenye boksi kweli imeandikwa kwamba inajizima yenyewe. Mimi nikakubali kwa sababu za wati 100 hakuwa nazo, au ndivyo alivyosema.

Nisiwe mchoyo wa haki: kwa muda ile hita ilifanya kazi vizuri sana. Niliiweka nyuzi 26 ikakaa 26, usiku na mchana, baridi na joto. Kipimajoto cha pembeni kilikubaliana nayo. Samaki walichangamka, dume akaanza kufukua mchanga chini ya jiwe kubwa, na kama hujawahi kuona furu wakipandana, hujui unachokikosa. Dume anasimama mbele ya jike, anatetemeka mwili mzima na kumwonyesha ubavu, kisha anaondoka kuelekea shimoni kwake akijinyonganyonga ili jike amfuate. Jike akikubali wanazunguka pamoja, kichwa kwenye mkia wa mwenzake. Anataga yai, anageuka, analiokota kwa mdomo kabla hata halijatulia. Sasa dume ana madoa ya njano kwenye pezi lake la chini, lile la nyuma, na yamekaa kama mayai hasa. Jike anayasogelea kwa mdomo, na hapo ndipo anapopata mbegu, mayai yakiwa tayari kinywani. Baada ya hapo koo lake linavimba, hali chakula, anakaa pembeni akitafunatafuna hewa kana kwamba ana bigijii. Kazi yake ni kuyageuzageuza mayai mdomoni kwa majuma mawili, matatu, mpaka vifaranga waweze kuogelea.

Nilikuwa na jike katika hali hiyo. Nilikuwa naenda kumtazama kabla ya kupiga mswaki.

Siku yenyewe siikumbuki tarehe, mwezi uliopita au wa kabla yake. Nilirudi kazini jioni nikaona kifuniko cha tangi kimejaa matone kwa ndani. Nikaweka mgongo wa mkono kwenye kioo, nikautoa haraka. Kipimajoto kilisoma 36. Hita iko palepale kwenye 26, na kataa kake kekundu kanawaka. Nikazungusha kitufe chini kabisa. Kataa bado kanawaka. Nikachomoa plagi huku natukana.

Anayefuga anajua kinachofuata. Maji yakipata joto hewa hutoka ndani yake: kwenye nyuzi 25 maji yanaweza kubeba kama miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita, ukifika 35 hazizidi 7, na wakati huohuo samaki mwenyewe anahitaji zaidi kwa sababu mwili wake umeharakishwa. Juu ya hapo, amonia ile kidogo isiyomdhuru mtu kwenye maji ya kawaida inakuwa kali zaidi joto likipanda, hasa kwenye maji yenye alkali ambayo furu wanayapenda. Yaani wanabanwa huku na huku. Waliobaki hai walikuwa juu, midomo nje, wakivuta. Dume alikuwa amelala ubavu nyuma ya jiwe lake, wekundu wote umeondoka, rangi ya jike kabisa. Alikufa usiku ule.

Usije ukamwaga maji baridi kwa hasira, utawamaliza waliobaki. Nilifungua kifuniko, nikawasha feni juu ya maji, nikaweka jiwe la pili la kutoa mapovu ya hewa, nikabadilisha maji kikombe kwa kikombe. Ilichukua karibu usiku kucha.

Yule jike aliyebeba mdomoni alikuwa amewatema watoto wake. Walitapakaa juu ya mchanga, vichanga wenye macho makubwa na vifuko vya kiini vya rangi ya chungwa tumboni, wanatikisa mikia bila kwenda popote. Wenzake, hata wakiwa taabani vile, walikuwa wameanza kuwala. Niliwavuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, mmojammoja, nikawatia kwenye chupa yenye wavu chini na hewa ikipanda taratibu ili wageukegeuke kama wanavyogeuzwa mdomoni mwa mama yao. Hapa lazima niseme jambo linaloniudhi: ile pampu ndogo ya hewa iliyowaokoa niliinunua kwa watu walewale walioniuzia hita. Haipigi kelele, haijawahi kuzima, inaweza kurekebishwa mpaka povu moja moja. Pampu nzuri kweli. Kama tathmini hii ingekuwa ya pampu, mngeona nyota tano na sala.

Sasa simu.

Nilianza kwa kumtumia yule muuzaji ujumbe, na picha ya kipimajoto. Tiki zikageuka bluu. Kimya. Kesho yake nikapiga, akapokea, nikajieleza kwa heshima zangu zote. Jibu la kwanza: "Uliweka samaki wengi." Bwana, samaki wengi wanachafua maji, hawachemshi! Jibu la pili: hita zao hazina shida, hakuna mwingine aliyelalamika. Jibu la tatu lilikuja pale nilipomwambia kwamba dume wangu amekufa na sina mwingine wa ukoo ule. Akacheka kidogo, si kicheko kikubwa, kile cha puani. "Dada, samaki ni samaki. Njoo uchukue wengine, nina furu wengi humu, nitakupunguzia." Nikamuuliza ni furu gani. Akasema, "Wale wa rangi."

Wale wa rangi!

Huyu ni mtu anayeuza sikilidi. Ndani ya duka lake kuna tangi moja ambalo madume wa aina tatu nne wanafukuzana na majike wasiojulikana ni wa nani. Ukinunua jike pale umenunua bahati nasibu. Furu wa aina jirani wanazaana bila tatizo na watoto wao wanazaa vilevile, kwa hiyo mfuko mmoja usio na jina unatosha kuharibu ukoo uliotunzwa kwa vizazi. Na hili si neno la wafugaji wenye kiburi, limetokea ziwani kwenyewe. Mtafiti wa samaki Ole Seehausen na wenzake walichapisha mwaka 1997 kwenye jarida la Science kwamba maji ya Ziwa Victoria yanapochafuka, jike anashindwa kupambanua rangi ya dume, na aina zinaanza kuchanganyikana. Kwenye kisiwa cha Makobe, ambako maji ni maangavu, nyererei na ndugu yake wa buluu, Pundamilia pundamilia, wamebaki kila mmoja na wake. Kwenye maji ya tope ndani ya Ghuba ya Mwanza mipaka imefifia. Ndiyo maana watu makini huuza nyererei kwa jina la kisiwa walikotoka: wa Makobe, wa Ruti, wa Python. Wangu walikuwa wa Makobe, niliwapata kwa mfugaji anayejua mababu zao.

Na hapo sijagusa sangara, aliyewekwa ziwani miaka ya 1950 na 1960 na kufyeka furu wengi ambao hakuna aliyewaona tena. Kwa baadhi ya furu wa ziwa lile, matangi ya watu yamekuwa mahali pa kuwahifadhi. Wangu hawajafikia huko, najua, nisitie chumvi. Lakini ukiniambia samaki ni samaki, kuhusu furu, wewe unayewauza, unanitia kichaa.

Haya. Siku kadhaa baadaye akanipigia kijana mwingine wa palepale. Sauti ya adabu. "Samahani sana dada, nimesikia yaliyokupata, pole." Akaniuliza tangi lina lita ngapi, akanyamaza, akasema wati 300 zilikuwa nyingi mno, angenishauri mbili ndogo. Nilitamani kulia. Kanuni yenyewe ni ya kila mtu: takriban wati moja kwa lita inatosha, na ukigawa kwa hita mbili, moja ikigoma kuzima haina nguvu ya kuwapika samaki kabla hujagundua, ikigoma kuwaka, ya pili inashikilia. Kijana akaja na hita mpya bila malipo, akaiacha mlangoni, hata chai alikataa. Kwa ajili yake nilipandisha nyota hadi tatu kichwani mwangu, na ningeishia hapo.

Kisha nikampelekea fundi ile hita mbovu. Akaipasua, akanionyesha kwa ncha ya bisibisi. Ndani kuna ukanda mdogo wa metali mbili zilizobanwa pamoja. Zikipata joto zinajipinda na kuachanisha mguso wa umeme, zikipoa zinarudi. Kila zinapoachana kuna cheche kidogo. Wati zikiwa nyingi cheche inakuwa kubwa zaidi. Miguso ya yangu ilikuwa imeyeyuka ikashikana, kidoa cheusi kisichozidi kichwa cha pini. Fundi akabonyeza, haikuachia. Nikamuuliza, je, kile cha kujizima chenyewe kilichoandikwa kwenye boksi kiko wapi? Akaniangalia. "Ni hiki hiki," akasema. Hakuna kingine. Hakuna fyuzi ya kukata umeme joto likizidi, hakuna kinga ya pili, hakuna kitu. Kitu kinachowasha ndicho kilekile kinachotakiwa kukulinda kikikwama.

Hapo nyota tatu zikarudi mbili, na nikikumbuka kile kicheko cha puani zinakuwa moja. Najua hita nyingi za aina hii zimetengenezwa hivyo, na za kampuni zenye majina makubwa nazo zinaweza kukwama. Hilo linanifanya niwasamehe waliotengeneza, nusu. Haliwasamehe walioandika boksi. Na halimsamehe hata kidogo aliyenikatalia mbili ndogo akanipa jitu moja, kisha akasema nimejaza samaki.

Hita ya bure imekaa kabatini, siichomeki. Natumia mbili za wati 100 kutoka kwingine, na zote zimepitia kwenye kidhibiti joto cha nje chenye kihisi chake majini, kinachokata umeme maji yakivuka 28 hata hita zenyewe zikitaka kuendelea. Vichanga wachache wa kwenye chupa wamefika ukubwa wa punje ya mchele na wanakula. Mmoja ameanza kufukuza wenzake kutoka kwenye pembe, kwa hiyo huenda nikapata dume.

Kama hita yako ni moja, kubwa, na kinga yake ni kitufe cha juu tu, iangalie leo: izungushe chini kabisa, subiri kidogo, uone kama taa inazima. Isipozima, chomoa kwanza, ndipo upige simu. Na ukimpata yule bwana badala ya kijana, kata upige tena.