Bima ya gari kwa dereva anayestaafu Nairobi: anza na mstari wa matumizi

Msomaji mmoja wa Kayole ameniandikia kwa uchungu. Baba yake aliendesha lori, kisha matatu, akastaafu na kununua Probox kwa akiba yake. Wakala wa mjini akamuuzia komprehensivu, yaani bima kubwa inayolipia hata gari lako mwenyewe, ya gari la kibinafsi, bila kumuuliza atalifanyia nini. Kila alfajiri mzee huwabeba mama mboga wa mtaani hadi soko la Wakulima, nao humlipa. Alipogongwa Jogoo Road, kampuni ilikataa fidia kwa sababu gari lilikuwa na abiria wa kulipa.

Kwa hiyo bei itasubiri. Kwenye fomu ya bima kuna mstari wa matumizi ya gari, na wazee wetu wengi hawauoni kwa sababu wakala ameshaujaza. Dereva wa miaka yote hiyo hakai nyumbani. Ataingia teksi za app kama Bolt au Little, atapeleka watoto wa jirani shuleni, atabeba magunia. Akishapokea malipo, kwa kampuni ya bima hilo si gari la kibinafsi tena, hata kama abiria ni shemeji yake. Mzee, jaza mstari huo kwa mkono wako, taja kila kazi ya gari, na uondoke na nakala. Sahihi ni yako. Wakala hatakuwepo siku ya ajali.

Ukiwa umeacha kabisa kubeba watu au mizigo kwa malipo, chaguo langu la kwanza ni komprehensivu ya kampuni ya CIC, na sifichi mapenzi yangu. Ilizaliwa na vyama vya ushirika, na dereva aliyekulia kwenye sacco anaelewana nao haraka. Wana Easy Bima, ya kulipa kwa awamu, ambayo inamfaa anayesubiri pensheni ya mwisho wa mwezi. Nenda mwenyewe CIC Plaza, Mara Road, Upper Hill. Uliza umri wa juu wa gari wanaokubali, kwa sababu kampuni nyingi hukoma kwenye miaka 12 au 15. Uliza pia malipo ya chini kabisa: gari la laki saba kwa asilimia 4 ni shilingi 28,000, lakini kampuni ikiwa na kima cha chini cha 35,000, utalipa 35,000.

Ukiendelea kubeba abiria, namba mbili ni bima ya teksi. Ni ghali zaidi, lakini inauzwa hata kwa mwezi, na afadhali uilipie kuliko kuhangaika mahakamani.

Kampuni ya APA, pale Apollo Centre, Parklands, ni ya tatu kwangu. Chukua bei yao uipeleke CIC mkazungumze.

Thadi pati, bima inayowalipa wengine uliowagonga, ni ya mwisho. Sheria inaidai, bei yake ni nafuu, na haitakutengenezea hata taa.

Sasa hawa mawakala. Tozo halali juu ya bima ni asilimia 0.2 ya mafunzo, asilimia 0.25 ya mfuko wa kufidia wenye bima, na stempu ya shilingi 40. Kwa malipo ya bima ya shilingi 30,000, jumla ya tozo ni shilingi 175. Anayekuongezea elfu mbili za "serikali" anakuibia. Kamisheni yake inatoka kwa kampuni, na malipo yako yaende kwenye paybill ya kampuni, si kwa simu yake.

Linaloniuma zaidi ni punguzo la kutokuwa na madai, yaani kupunguziwa bei kwa kutodai fidia. Linamfuata mwenye bima, si mwenye usukani. Mtu ameendesha gari la tajiri kutoka ujana hadi mvi bila kugonga, na punguzo lote likabaki kwa tajiri. Yeye anaanza sifuri kama kijana aliyepata leseni juzi. Kabla hujaaga kazini, omba mwajiri barua inayotaja miaka uliyoendesha na kwamba huna ajali, uiambatishe kwenye fomu. Kampuni hailazimiki kukupunguzia, lakini meneja wa tawi ana nafasi ya kukubali, karani wa kaunta hana. Omba kumwona meneja.