Tyusheni ya Jumamosi ya misingi ya uuguzi kwa sista mstaafu (Dodoma), maoni yangu kwa wanaojiandaa na mitihani

Wadau wa vyuo vya afya hapa Dodoma, mitihani ya semista ndo hiyo inakaribia na naona kila mtu anauliza kuhusu ile tyusheni ya Jumamosi anayofundisha sista mmoja mstaafu barazani kwake, kwamba inasaidia kweli au hela inaliwa bure. Mi nimesoma pale semista nzima, niko diploma mwaka wa pili. Kwa kifupi nenda, hasa kama we ni mtu wa kukariri hatua za prosija (taratibu za kumhudumia mgonjwa) kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho alafu mtahini akikuuliza "kwanini umefanya hivyo" unabaki unamwangalia. Hapo ndo sista anapowapita wote niliowahi kuwasikiliza.

Bei ni 5,000 kwa kipindi, saa tatu asubuhi mpaka saa saba mchana, na chai na maandazi vimo humo humo. Hamna projekta wala kompyuta. Kuna beseni, ndoo ya bomba, dumu la jiki, sirinji mpya, na dripu imetundikwa kwenye msumari pale barazani maji yanadondokea kwenye kopo. Kwa hivyo vitu anafundisha vizuri kuliko notisi za kurasa mia.

Mfano hilo la jiki. Wote tumekariri kwamba klorini ya 0.5% ni kipimo kimoja cha jiki ya 3.5% kwa sita vya maji, sasa sista anakuja na swali, je dumu likiwa la 5% utafanyaje? Watu kimya, maana tulikariri sita bila kujua imetoka wapi. Anakuonyesha: chukua nguvu uliyonayo gawanya kwa nguvu unayoitaka alafu toa moja, yaani 3.5 kwa 0.5 ni 7, toa 1 ni 6, na 5 kwa 0.5 ni 10, toa 1 ni 9, basi hapo vipimo tisa vya maji. Na anakusomesha lebo ya dumu kwanza kabla hujagusa maji. Ukishaelewa hivyo hata wabadilishe namba vipi kwenye mtihani hawakupati.

Dripu ndo kipindi nilichokipenda kuliko vyote. Swali ni lile la kila siku, mgonjwa apewe mililita 1000 kwa masaa 8, seti (ule mpira wa dripu) inatoa matone 20 kwa mililita, unazidisha 1000 kwa 20 unagawanya kwa dakika 480 unapata 41 na ushee, unaandika 42 kwa dakika. Darasani chuo tunaishia hapo. Kwa sista unainuka unaenda kwenye ule msumari unashika kile kigurudumu cha kubania mpira unarekebisha mpaka matone yaje 42 kweli, na ye amekaa pembeni na saa yake ya mkononi anahesabu na wewe, ukiharakisha anakwambia "mwanangu huyo mgonjwa wa moyo umeshamjaza maji mapafuni". Alafu anakupa njia ya wodini, hesabu sekunde 15 tu, ukipata kumi au kumi na moja uko sawa. Kuna mwenzetu alikuwa anaiogopa hesabu hadi anataka kulia, siku ile aliirekebisha mwenyewe mpaka ikakaa na akaomba arudie tena na seti ya matone 60.

Kunawa mikono nilidhani tutapoteza muda maana hatua tunazijua wote, ila anapima kwa saa, sekunde 40 hadi 60 kwa maji na sabuni, 20 hadi 30 kwa dawa ya spiriti ya kupaka, na wengi tulikuwa tunamaliza kabla hata ya nusu ya muda. Kisha anaingia kwenye zile nyakati tano za WHO na anataka useme kila wakati unamkinga nani. Kabla ya kumgusa mgonjwa na kabla ya kazi isiyotakiwa vijidudu, kama kufunga kidonda au kuweka katheta (mpira wa mkojo), hapo unamkinga mgonjwa. Baada ya kugusana na majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka kama kitanda na meza yake, hapo unajikinga wewe na wengine wodini. Tangu nilipojua huo mgawanyo sijawahi kuzisahau tena.

Vipimo muhimu vya mwili naye hakimbii. Mapigo usihesabu kwa kidole gumba maana kina mapigo yake chenyewe. Upumuaji unauhesabu dakika nzima huku bado umeshika mkono wa mgonjwa kama vile unaendelea na mapigo, sababu mtu akijua anahesabiwa anabadilisha anavyopumua. Anatufanyia hivyo hivyo sisi wenyewe, unakuta kumbe ameshakuhesabu we unadhani mnapiga stori.

Na dawa jamani. Vile vitu vya usahihi tunaviimba wote, mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi, muda sahihi na kuandika kumbukumbu sahihi. Yeye anasimama kwenye hilo la kwanza tu karibu nusu saa. Anasema usimwambie mgonjwa "we ndo Asha?" maana mtu mwenye homa kali ataitikia jina lolote, muulize "jina lako kamili nani" alafu linganisha na kadi. Na akikataa sindano? Hulazimishi, unamsikiliza, unamweleza, unaandika, unatoa taarifa. Pale ndo nilielewa haki ya mgonjwa kuamua, maana kabla ya hapo ilikuwa mstari tu kwenye daftari langu la maadili. Kiukweli hicho kipindi peke yake kwangu kina thamani kuliko ada yote niliyolipa.

Historia anaipitia mbio mbio, Florence Nightingale, mwanzilishi wa uuguzi wa kisasa, na majeruhi wa vita Scutari (Uturuki) 1854, shule yake pale hospitali ya St Thomas London 1860, Virginia Henderson, nesi wa Marekani, na orodha yake ya mahitaji 14 ya mgonjwa, basi. Mi naona sawa tu, hayo unaweza kuyasoma mwenyewe usiku.

Sasa yasiyokaa vizuri. Mpango wa huduma kwa mgonjwa ndo unaotuumiza wengi na ndo anaoupa muda mdogo, unakuja mwishoni watu wameshachoka na jua limeingia barazani. Alitueleza vizuri tofauti ya utambuzi wa daktari na wa nesi, kwamba daktari ataandika nimonia ila nesi anaandika mgonjwa anashindwa kusafisha njia ya hewa kutokana na makohozi mazito, na dalili alizoziona zinazothibitisha hilo. Pia kupanga lipi lianze, hewa, kupumua, mzunguko wa damu, kabla ya mengine yote. Ila kuandika mpango mzima kuanzia kukusanya taarifa, utambuzi, kupanga, kutekeleza mpaka kutathmini, tumeandika mmoja tu pamoja na hakusahihisha daftari la mtu mmoja mmoja. Kwa mwanafunzi anayetaka kufaulu hiyo haitoshi, nimemwambia na amesema ataliangalia.

La pili, anafundisha Kiswahili na mtihani ni Kingereza, kwahiyo jioni ukifika geto kaa chini uandike majibu yale yale kwa Kingereza siku hiyo hiyo kabla hayajapotea. Na mwezi wa mitihani baraza linajaa mpaka watu wanasimama uani, zamu ya kushika dripu huipati, hivyo anza mapema mwanzoni mwa semista.

Nenda na saa yenye mshale wa sekunde, simu hairuhusiwi wakati wa vipimo, na glavu zako mwenyewe. Jina na namba siweki hapa kwa sababu hajaniruhusu, waulize mwaka wa tatu wanapajua. Wanaojiandaa na mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, pale mtapata misingi tu, ukunga na magonjwa kwa undani hagusi, hayo tafuteni mwalimu mwingine.